Nusu saa ya Elio de Angelis na kijiji kizuri cha Le Castellet

Elio de Angelis, dereva Mwitaliano wa Formula One, hakuuawa na ajali. Jumatano ya tarehe 14 Mei 1986, siku tatu tu baada ya mbio za Monaco, alikuwa akifanya majaribio ya gari la timu yake ya Brabham kwenye uwanja wa mbio wa Paul Ricard, kusini mwa Ufaransa. Bawa la nyuma likang'oka akiwa kwenye kasi kubwa katika kona za Verrerie. Gari likapaa, likabiringika, likavuka kizuizi cha pembeni na kutua magurudumu juu. Mwilini mwa dereva kulikuwa na mtulinga uliovunjika na majeraha madogo ya moto mgongoni. Mtu wa namna hiyo hupelekwa hospitali, akafungwa bandeji, akarudi nyumbani mkono ukining'inia shingoni. De Angelis alifariki kesho yake hospitalini Marseille, kwa kukosa hewa. Gari liliwaka naye yumo ndani, moshi ukamwingia, madereva wenzake wakasimamisha magari yao na kukimbilia pale, lakini mikono mitupu haiinui gari lililopinduka wala haizimi moto. Helikopta ya kumbeba ilichukua kama nusu saa kufika.

Kinachoniuma zaidi katika habari hii ni kwamba uwanja wa Paul Ricard umepakana na uwanja wa ndege. Ndege ndogo zinatua na kuruka upande wa pili wa uzio. Lakini siku ile ilikuwa ya majaribio, haikuwa siku ya mbio. Hakukuwa na watazamaji wala kamera, na kwa hiyo wahudumu wa kando ya njia walikuwa wachache, vifaa vya zimamoto haba, na hakuna helikopta iliyokuwa inangoja. Gari lile lile, mtu yule yule, kasi ile ile. Kilichopungua ni watu wa kukaa bure wakisubiri lisilotarajiwa.

Nilikwenda kupaona mahali hapo kwa sababu ya nusu saa hiyo. Nilikuwa Marseille kwa mwenyeji wangu, mzee wa Kingazija aliyefika mji ule ujanani, na wanaoujua Marseille wanajua Wangazija walivyo wengi kule, kiasi kwamba mtu wa pwani yetu akitega sikio sokoni hakosi maneno mawili matatu ya kuyadaka. Nilipomwambia ninakotaka kwenda alinishangaa. "Mwanangu, Le Castellet kijiji chake kizuri, twende tukatembee. Lakini lami unaitakia nini? Lami si hii hapa mlangoni?" Tulikubaliana kijiji kwanza, lami baadaye.

Ni mwendo wa kilomita hamsini hivi kuelekea mashariki. Kijiji cha Le Castellet kimekaa juu ya kilima, kimezungushiwa ukuta wa mawe wa enzi za kati, na gari unaliacha chini, kwani mle ndani njia zenyewe zilikatwa kwa kipimo cha punda na mzigo wake. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kufundishwa kutembea humo. Mnapishana kwa bega, na ukisikia nyayo nyuma yako unajibanza ukutani bila kugeuka. Madirisha yamepakwa rangi za bluu na kijani zilizofifia. Kuna ngome, kuna kanisa la kale, kuna maduka ya sabuni na vyungu yanayowamalizia watalii pesa. Huko nyuma kabisa kuna tundu kwenye ukuta linaloitwa Trou de Madame, tundu la bibi, kimlango kidogo ambacho ukichungulia unaliona bonde zima la mizabibu ya Bandol na safu ya Sainte-Baume ikifunga upeo wa macho. Mzee alikaa pale kwenye jiwe akasema haondoki mpaka apate chai. Ng'ambo ya bonde, juu ya kilima kingine, kijiji cha La Cadière-d'Azur kinatazamana na hiki kama majirani walionuniana.

Huko juu, kama kilomita tano ukipima kwenye ramani ingawa barabara inazunguka karibu mara mbili ya hapo, ndiko kwenye uwanda wenye uwanja wa mbio. Uwanja umejitwalia majina ya jirani zake wote. Kona ya Signes ni kijiji cha Signes. Kona ya Beausset ni mji wa Le Beausset. Sainte-Baume ni mlima ule ule wa kwenye tundu, na Bendor ni kisiwa kidogo mbele ya Bandol alichokinunua mwenye uwanja. Ile njia ndefu iliyonyooka, ambayo kwenye ramani ya awali ilikuwa na urefu wa kilomita 1.8, inaitwa Mistral, kwa jina la upepo wao, kama sisi tulivyo na kusi na kaskazi. Ipo hata kona inayoitwa Village tu, kijiji.

Mwenye uwanja, Paul Ricard, alikuwa tajiri aliyetajirika kwa pastisi, pombe ya anisi aliyoanza kuiuza mwaka 1932. Alijenga uwanja, ukafunguliwa mwaka 1970. Mzee wangu, ambaye ni mtu wa swala tano, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo pombe ndiyo iliyojenga barabara salama?"

Ndiyo, mzee, kwa namna fulani. Kabla ya hapo mbio kubwa za Ufaransa zilikuwa zikipita mahali pazuri, na uzuri ule ulikuwa unaua. Karibu na Reims magari yalipita katikati ya kijiji cha Gueux mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rouen-Les-Essarts ilikuwa barabara ya msituni yenye mteremko wa kupendeza na kona ya mawe chini kabisa. Mwaka 1968 Jo Schlesser aliungua humo ndani ya Honda yenye bodi ya magnesi, madini ambayo yakishika moto hayasikii maji. Charade, juu ya Clermont-Ferrand, inazunguka milima ya volkano, na hata mwaka 1972, mbio ziliporudi huko, dereva Helmut Marko alipoteza jicho baada ya jiwe lililorushwa na gari la mbele kupenya kwenye kofia yake. Ukitazama picha za viwanja hivyo leo unatamani ungekuwapo. Miti, nyumba za mawe, watoto wamekaa juu ya ukuta. Kila kitu katika picha hizo, isipokuwa anga, ni kitu ambacho gari lingeweza kukigonga.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na najua si msimamo unaopendwa na wapenzi wa langalanga. Mandhari nzuri ni ya watembea kwa miguu. Gari la kilomita 300 kwa saa linastahili kupelekwa mahali pabaya, pakavu, pasipo mti wala ukuta, na kando yake wawepo watu waliolipwa kukaa bila kazi. Uwanda wa Le Castellet ulikuwa na sifa ya kwanza tangu mwaka 1970. Sifa ya pili ilikosekana siku moja ya Mei 1986, na siku hiyo moja ilitosha.

Mtu aliyeshinda mbio za kwanza za Grand Prix pale, mwaka 1971, ni Jackie Stewart, na mwenzake wa timu ya Tyrrell, Mfaransa François Cevert, akawa wa pili. Stewart alijua maana ya kungoja. Miaka mitano kabla, kule Spa, Ubelgiji, mvua ilimtupa nje ya barabara akanasa ndani ya gari lake la BRM huku petroli ikimlowesha. Hakukuwa na mhudumu aliyekuwa na kifaa cha kumtoa. Waliomtoa ni madereva wenzake, Graham Hill na Bob Bondurant, kwa spana ya kuazima kwa mtazamaji. Kuanzia hapo Stewart akawa anafunga spana yake mwenyewe kwenye gari kwa utepe, na akaanza kudai vizuizi, madaktari, mikanda, nafasi ya gari kupotelea likitoka njiani. Walimwita mwoga. Mtu bingwa wa dunia mara tatu! Na Cevert, yule aliyesimama naye jukwaani Paul Ricard, alikufa Watkins Glen, Marekani, Oktoba 1973, katika mazoezi ya mbio ambazo Stewart alikuwa amepanga ziwe za mwisho kwake. Stewart hakuziendesha.

Baada ya de Angelis, mambo mawili yalifanyika. Uwanja ulikatwa: kutoka kilomita 5.81 mpaka 3.81 kwa ajili ya mbio za Formula One, kona za Verrerie zikaachwa nje, Mistral ikabaki na nusu yake. Hilo ndilo lililoonekana. La pili halikupigwa picha na mtu, nalo ndilo lililookoa zaidi: siku za majaribio zikaanza kudaiwa wahudumu, zimamoto na helikopta kama siku za mbio. Ilipita miaka minane bila dereva wa Formula One kufa ndani ya gari lake, mpaka Imola, Italia, 1994, Roland Ratzenberger Jumamosi na Ayrton Senna Jumapili.

Huo ndio mtindo wa kazi ya usalama. Watu hukumbuka kona iliyohamishwa na hawamkumbuki daktari aliyewekwa. Chukua ajali ya dereva Romain Grosjean, Bahrain, Novemba 2020. Gari lilipenya kizuizi cha chuma, likakatika vipande viwili, likageuka mpira wa moto, na mtu akatoka humo kwa miguu yake baada ya karibu nusu dakika, mikono imeungua. Dunia nzima ilisifu halo, ule upinde wa titani juu ya kichwa cha dereva ulioanza kutumika mwaka 2018, na ni haki usifiwe. Watu waliuchukia ulipokuja. Waliufananisha na ndara. Grosjean mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioupinga, na akiwa kitandani hospitalini alikiri hadharani kwamba alikosea. Lakini tazama tena picha za usiku ule. Mtu wa kwanza kumkaribia kwenye moto ni daktari Ian Roberts, na gari lake lilikuwa pale pale kwa sababu gari la daktari hufuata msafara wa magari yote katika mzunguko wa kwanza. Utaratibu huo ulizaliwa na ajali ya dereva Ronnie Peterson kule Monza, Italia, mwaka 1978. Halo ilimpa Grosjean kichwa kizima. Gari la daktari lilimpa mtu wa kumshika alipofika kwenye uzio. De Angelis hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili, lakini ukiniuliza ni kipi kingemtosha yeye, nitasema cha pili.

Tulipofika uwanjani ilikuwa siku ya kawaida ya katikati ya wiki. Watu wenye pesa zao walikuwa wamekodi muda wa kuendesha magari yao ya kifahari. Wakati wa mapumziko ya mchana mwongozaji alituruhusu tusogee ukingoni. Kila aliyetazama mbio za Paul Ricard kwenye runinga anaijua ile mistari: ya bluu karibu na njia, ya nyekundu mbali zaidi, imepakwa kwenye lami pana kuliko viwanja kadhaa vya mpira. Iliwekwa baada ya uwanja kununuliwa mwaka 1999 na kampuni ya Bernie Ecclestone, bosi wa Formula One wakati huo, na kugeuzwa kuwa maabara ya majaribio. Kwenye skrini inaumiza macho. Kwa mkono ni kitu kingine kabisa. Nilichutama nikapitisha kiganja kwenye bluu: msasa mwembamba, ule wa seremala kumalizia meza. Nikasogea kwenye nyekundu: msasa mkali, ule wa kutolea rangi ya zamani. Ndiyo kazi yake. Tairi ikikanyaga bluu inaanza kung'ang'ana, ikifika nyekundu inaliwa. Dereva anapoteza tairi badala ya kupoteza miguu.

Lawama dhidi ya mistari hii nazijua, na moja ni ya haki. Wanasema dereva anakosea, anazunguka kwenye rangi, anarudi njiani kana kwamba hakuna kilichotokea. Uwanja umekuwa kama maegesho ya duka kubwa. Kweli, kosa lisilo na gharama linaharibu mchezo. Austria mwaka 2023 waamuzi walikuta matukio zaidi ya 1,200 ya magari kuvuka mpaka wa njia katika mbio moja, wakabaki wanagawa adhabu mpaka usiku. Mwaka uliofuata wakaweka vijistari vya changarawe kwenye kona mbili za mwisho na ugonjwa ukapona. Lakini wanaotaka changarawe irudi kila mahali, kuta zisogee karibu, "ili madereva waheshimu barabara", wanachanganya mambo mawili: gharama na kifo. Mtu anaweza kulipa bila kufa.

Ushahidi uko hapo hapo Paul Ricard. Julai 2022, mzunguko wa 18, Charles Leclerc anaongoza kwa Ferrari, kona ya Beausset inamshinda. Gari linazunguka, linapita bluu, linapita nyekundu, linajikita kwenye ukuta wa matairi. Redioni alipiga ukelele ambao nadhani hata kijijini walimsikia. Alitoka mwenyewe, akatembea, akajilaumu mbele ya waandishi, na pointi 25 zikaenda zake kwa Max Verstappen. Gharama gani tena mtu anaitaka?

Hata hivyo sitaki kuisifu lami kupita kiasi, maana lami nayo imeua. Juni 2019, Anthoine Hubert, kijana wa Kifaransa, alishinda mbio ya Formula Two, ngazi iliyo chini ya Formula One, siku ya Jumapili hapo hapo Le Castellet, nyumbani, mbele ya watu wake. Hata miezi mitatu haikupita, tarehe 31 Agosti, akafa Spa. Alikwepa gari lililokuwa na hitilafu juu ya kilima cha Raidillon, akapita kwenye lami ya dharura, akagonga kizuizi, na kizuizi kikamrudisha nje, mbele ya Juan Manuel Correa aliyekuja kwa kasi na kumpiga ubavuni. Alikuwa na miaka 22. Eneo la dharura lilikuwapo. Lilikuwa jembamba, na lilimrudisha alikotoka. Baadaye Spa walisogeza vizuizi nyuma na kurudisha changarawe mahali hapo. Kwa hiyo swali la lami au changarawe peke yake ni swali la uvivu. La kuuliza ni gari litaishia wapi baada ya kugonga, na ni nani atakayekuwa wa kwanza kulifikia. Paul Ricard ina majibu mazuri kwa la kwanza kwa sababu ina uwanda mtupu. Spa imejengwa bondeni, kati ya miti. Haina pa kukimbilia, na ndiyo maana watu wanaipenda.

Kuna jambo la barabara za kijiji pia. Formula One iliporudi Ufaransa Juni 2018, baada ya miaka kumi, watazamaji walikwama saa nyingi kwenye njia za kupanda uwandani. Wengine waliyakosa mazoezi ya Ijumaa. Walioandaa walitukanwa sana. Mimi niliwaza jingine: katika foleni ile, gari la wagonjwa lingeteremka vipi? Jibu ni kwamba lisingeteremka, na halitarajiwi kuteremka. Ndiyo sababu ya kanuni inayowakasirisha watazamaji, kwamba helikopta ya tiba isipoweza kuruka, na hospitali iko mbali kwa barabara, magari hayatoki. Oktoba 2020, Nürburgring, Ujerumani, siku nzima ya mazoezi ilifutwa kwa ukungu. Kwenye njia yenyewe magari yangeweza kukimbia, lakini helikopta isingefika hospitali. Mashabiki walinung'unika mitandaoni kwamba michezo imekuwa ya watoto. Jina la de Angelis halikutajwa na mtu, japo kanuni ile ilikuwa inaikumbuka nusu saa yake.

Saa nane magari yalianza tena. Mzee alikuwa amechoka, akaomba tukae kwenye ukuta mfupi karibu na mwisho wa Mistral. Mbele yetu, ndani ya uzio, lilisimama gari la wagonjwa, milango ya nyuma wazi. Dereva wake alikuwa anakula mkate wenye jibini, kitambaa amekitandaza magotini kwa uangalifu kama mtu aliyefunzwa na mama yake. Kando yake kijana wa zimamoto, suti yake imefungwa mpaka shingoni katika jua lile, mtungi kati ya miguu, alikuwa anapiga miayo. Porsche zikapita, kisha zikapita tena. Mzee aliwatazama kitambo.

"Hawa wanalipwa?"

"Wanalipwa."

"Kwa kukaa?"

Kijana wa zimamoto akapiga mwayo mwingine, akafuta jasho, akahamisha mtungi kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Tulikaa pale karibu saa nzima, na hakuna mtu aliyewahitaji.